Jinsi ya Kuchagua Taa ya Infraredi kwa Uwindaji wa Usiku: Mwongozo Kamili

Mtu akinunua darubini ya kuona usiku kwa mara ya kwanza, fedha na mawazo yake yote huishia kwenye darubini yenyewe. Taa haimshughulishi, anatumia ile ndogo iliyokuja na kifaa. Kisha malalamiko yanaanza: picha imejaa chenga, mnyama aliye mita 120 anaonekana kivuli tu, na nyasi zilizo mbele yake zinawaka weupe unaoumiza jicho. Darubini inalaumiwa, wakati mwingine inauzwa kwa hasara, ilhali kilichokosekana ni mwanga unaofaa.

Msimamo wangu ni huu: taa ya infraredi, yaani taa ya mwanga usioonekana kwa macho lakini unaoonekana na darubini ya usiku, huchaguliwa kwa kuanzia kwenye jicho litakalouona mwanga wake, kisha kwenye umbali ambao kweli utafyatulia risasi. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi huja nyuma kabisa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mpangilio huo, na ninakusihi usiruke mbili za kwanza, kwa sababu makosa mengi ya ununuzi huzaliwa hapo.

Kabla ya kutoa fedha, soma sheria za uwindaji za mahali unapowinda. Kuna nchi zinazokataza kabisa kuwinda usiku, na kuna zinazoruhusu kwa wanyama fulani tu, kwa mfano nguruwe mwitu wanaoharibu mazao, tena kwa kibali. Zipo zinazoruhusu darubini ya usiku lakini zinakataza taa iliyofungwa kwenye bunduki, na kwa baadhi ya sheria mwanga wa infraredi huhesabiwa kuwa taa kama taa nyingine yoyote, hata kama hauonekani kwa macho. Uliza mamlaka ya wanyamapori, na uwe na ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi.

Hatua ya 1: Lijue jicho la darubini yako

Vifaa vinavyoitwa kwa jumla vya kuona usiku ni vya aina kadhaa, na kila aina inahusiana na mwanga kwa namna yake.

Darubini ya joto haihitaji taa kabisa. Inapokea mionzi inayotoka kwenye mwili wa mnyama wenyewe, yenye urefu wa wimbi wa takriban maikromita 8 hadi 14, wakati taa tunazozungumzia hapa hutoa mawimbi yasiyofika maikromita 1. Mulika upendavyo, darubini ya joto haitaona tofauti. Kama hicho ndicho kifaa chako pekee, huna taa ya kununua. Lakini wawindaji wengi hutumia darubini ya joto kumtafuta mnyama, halafu darubini ya mwanga kumtambua na kumlenga, na hao wanaihitaji taa sana.

Darubini ya kidijitali ina kihisi cha silikoni, cha ukoo mmoja na kile kilicho ndani ya kamera ya simu. Kwa mwanga wa kawaida, jicho la binadamu huishia kwenye nanomita 700 na kidogo (nanomita 1000 ni maikromita 1). Silikoni huendelea kuona hadi karibu nanomita 1100, ingawa uwezo wake hufifia kadiri unavyosogea mwisho huo. Usiku usio na mwezi, kifaa hiki huishi kwa taa. Ukikinyima, kinapandisha usikivu wake hadi chenga zinaifunika picha.

Darubini ya tyubu ni ile inayokuza mwanga hafifu uliopo. Tyubu za kizazi cha 1 hutegemea taa karibu sawa na kidijitali. Za kizazi cha 2 na cha 3 hutosheka na nyota na mwezi, na taa kwao ni ya akiba: chini ya miti minene, ndani ya ghala, au mawingu yanapofunga anga lote. Jambo la kulishika ni kwamba tyubu za kizazi cha 3, ambazo uso wake wa kupokea mwanga umetengenezwa kwa galiamu na aseniki, uwezo wake huporomoka ghafla ukikaribia nanomita 900. Namba hiyo itarudi katika hatua inayofuata na itakuamulia jambo.

Kuna pia kamera inayofungwa nyuma ya darubini ya kawaida ya mchana. Hapa mwanga unaorudi kutoka kwa mnyama hupita kwanza kwenye lenzi zilizopakwa tabaka maalumu la kupitisha mwanga wa mchana. Tabaka hilo halikutengenezwa kwa ajili ya infraredi, na mara nyingi huzuia zaidi kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka. Darubini mbili za mchana za bei moja zinaweza kutofautiana sana kwa hili, kwa hiyo jaribu uliyo nayo wewe, usitegemee sifa za darubini ya rafiki. Tarajia pia kwamba fokasi ya infraredi haitakuwa pale pale ilipo fokasi ya mchana. Utarekebisha kidogo kila unapobadilisha.

Hatua ya 2: Chagua urefu wa wimbi

Sokoni utakutana hasa na namba mbili: nanomita 850 na nanomita 940. Zipo taa za leza za karibu 808 na chache za 915, lakini uamuzi wa wengi ni kati ya hizo mbili.

Taa ya 850 humpa kihisi cha silikoni mwanga anaoweza kuutumia vizuri. Kasoro yake ni kwamba ukiitazama taa yenyewe kwa mbele gizani utaona mng'ao hafifu mwekundu, kama kaa linalozimika. Si mwanga unaomulika ardhi; ni uso wa taa tu unaoonekana. Taa ya 940 karibu haionekani kabisa, lakini kihisi kile kile huiona kwa udhaifu zaidi. Kiasi cha hasara hutegemea kihisi, ila mara nyingi ni karibu nusu ya mwanga au zaidi. Kwa tyubu ya kizazi cha 3, taa ya 940 ni kama imezimwa: sasa unaona kwa nini nilisema uishike ile 900.

Swali linalofuata huwa moja: je, mnyama atauona ule wekundu? Mbweha na jamii yake, hasa waliokwisha kufukuzwa kwa tochi, wanaweza kusimama na kuikazia macho taa ya 850 wakiwa karibu na wakiwa wanaitazama moja kwa moja. Nguruwe mwitu kwa kawaida hawaijali. Upepo unaopeleka harufu yako na mlio wa swichi vitakuharibia mawindo mara nyingi kuliko mng'ao huo.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kama unatumia darubini ya kidijitali na unafyatua kutoka mahali pa kuvizia, mita 80 au chini, kwa wanyama wenye wasiwasi, chukua 940. Katika hali nyingine zote, chukua 850. Kama unatumia tyubu za kizazi cha 2 au cha 3, wala usiitazame 940. Usidanganywe na mtu anayekwambia 940 ni "ya kisasa zaidi". Ni namna nyingine ya kugawanya faida na hasara.

Hatua ya 3: Pima umbali wako wa kweli

Wauzaji huandika mita 300, 500, hata 800. Namba hizo huwa za kuona kwamba kuna kitu, tena huenda kitu chenyewe ni ukuta mweupe au macho yanayorudisha mwanga. Wewe unahitaji kitu kigumu zaidi: kumjua mnyama ni wa aina gani, ni dume au jike, ana watoto au hana, amesimamaje, na nyuma yake kuna nini. Huo ndio umbali wa kutambua, na mara nyingi ni theluthi au nusu ya umbali wa kuona.

Macho yanayong'aa yanahitaji onyo la peke yake. Wanyama wengi wa usiku, mbweha na paa wakiwamo, wana utando nyuma ya retina unaorudisha mwanga, na kwenye darubini ya infraredi macho yao huwaka kama vioo tangu mbali sana. Lakini mbwa wa mchungaji naye anao, na ng'ombe, na kondoo. Nguruwe hana utando huo, kwa hiyo kundi zima laweza kuwa mbele yako bila macho kukuashiria. Usifyatue kwa kuona macho. Fyatua ukiwa umeona mwili mzima na ardhi iliyo nyuma yake.

Sasa hesabu. Mwanga unaotawanyika hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, kila kipande cha ardhi kinapata robo ya mwanga. Maana yake ni kwamba taa inayokutosheleza mita 100 inatakiwa iwe na nguvu mara nne ili ikutosheleze vile vile mita 200, na mara tisa kwa mita 300. Hakuna taa ya mkononi inayoongezeka mara tisa kwa kuongeza betri. Njia iliyopo ni kukusanya mwanga ule ule katika mwale mwembamba, na hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Andika kwenye karatasi umbali mrefu zaidi ambao wewe, kwa bunduki yako na usiku, uko tayari kufyatua. Kwa watu wengi ni mita 100 hadi 150. Kisha andika umbali wa karibu ambao mnyama huweza kutokea ghafla. Namba hizo mbili ndizo utakazokwenda nazo dukani.

Hatua ya 4: Linganisha mwale na eneo unaloliona

Hapa ndipo taa nzuri hutengana na taa mbaya, na ningependa msomaji akae hapa kuliko mahali pengine popote.

Kila darubini ina upana wa eneo inaloonyesha, na maelezo yake huutaja kwa mita katika umbali wa mita 100. Taa nayo ina pembe ya mwale. Kanuni ya kuziunganisha ni rahisi: kila digrii 1 ya mwale hufunika karibu mita 1.75 katika umbali wa mita 100. Mwale wa digrii 5 hufunika mita 8.7 hapo, na mita 17.5 ukifika mita 200. Mwale wa digrii 2 hufunika mita 3.5 na mita 7.

Tuseme darubini yako inaonyesha mita 9 kwa mita 100, yaani kama digrii 5. Ukiwa na taa ya digrii 20, eneo la mwanga kwa mita 100 lina upana wa mita 35 hivi. Upana ukizidi mara nne, eneo huzidi mara kumi na sita. Sehemu kubwa ya mwanga unaoulipia kwa betri inaanguka nje ya picha, inamulika vichaka usivyoviona. Ukibana mwale huo uwe digrii 5, taa ile ile, kwa wati zile zile, itakupa picha inayong'aa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana taa ya wati 3 yenye lenzi nzuri huishinda taa ya wati 10 yenye kioo cha kutawanya.

Upande wa pili wa kosa nao upo. Mwale mwembamba mno, digrii 1 kwa mita 60, ni duara la mita 1 katikati ya giza. Unamwona mnyama, humwoni mwenzake aliye mita mbili kando, wala huoni kama kuna mtu. Kamera nayo, ikikutana na doa moja kali katikati ya weusi, hurekebisha mwanga vibaya: ama doa linaungua, ama pembezoni panapotea.

Kwa sababu hiyo naipendelea taa ambayo mwale wake unarekebishwa kwa kuzungusha au kuvuta kichwa, kuanzia upana wa karibu digrii 15 hadi wembamba wa digrii 2 au 3. Ikague kwa kuimulika ukutani huku ukitazama kwa darubini. Katika wembamba wake wa mwisho utaona umbo la mraba: hiyo ni picha ya kipande cha LED chenyewe, na ni kawaida. Kisichofaa ni mabaka meusi, pete zenye kingo kali, au doa linaloteleza pembeni unapozungusha kichwa. Likiteleza, taa itakuwa ikitoka nje ya shabaha kila ukibadili upana, na hakuna kishikizo kitakachokuponya na hilo.

Hatua ya 5: LED au leza

LED hutoa mwanga laini, ni nafuu, na yatosha kwa karibu kila mtu anayefyatua ndani ya mita 200. Leza hutoka kwenye nukta ndogo sana, kwa hiyo mwale wake hubanwa kuwa mwembamba zaidi na kufika mbali kwa umeme kidogo. Katika uwanda ulio wazi, ambako mita 250 ni umbali wa kawaida wa kutambua, leza ina maana. Picha yake ina chembechembe zinazometa, kama mchanga unaotikisika, ambazo baadhi ya watengenezaji huzipunguza kwa kutumia safu ya nukta nyingi za leza badala ya moja.

Lakini leza isiyoonekana inahitaji heshima. Mawimbi ya nanomita 400 hadi 1400 hupenya hadi kwenye retina na hukusanywa na lenzi ya jicho. Mwanga mkali unaoonekana hutufanya tupepese na kugeuza uso; infraredi haikupi onyo hilo, na gizani mboni imefunguka kabisa. Tafuta daraja la usalama lililoandikwa kwenye mwili wa kifaa kulingana na kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, IEC 60825-1. Daraja la 1 ni salama katika matumizi ya kawaida. Daraja la 3B linaweza kuumiza jicho kwa mwale wa moja kwa moja, na kifaa cha daraja hilo hakifai kuwa mikononi mwa mtu asiyefunzwa. Leza isiyo na daraja lililoandikwa, iache dukani hata ikiwa ya bei ya kutupa. Na hata LED yenye nguvu usiichungulie kwa karibu ili kuona "kama inawaka".

Hatua ya 6: Nguvu, na jinsi ya kuipunguza

Wati zinazotangazwa huwa ni umeme unaoliwa, tena wakati mwingine ni wa kubuni. Sehemu ya umeme huo hugeuka joto. LED moja bora ya 850 inayopewa ampea 1 hutoa mwanga wa wati 1 na kidogo, na hiyo ni nyingi ikikusanywa na lenzi nzuri. Kipimo cha maana zaidi ni ukali wa mwale, unaotajwa kwa miliwati kwa steradiani, yaani mwanga uliokusanywa ndani ya pembe fulani. Mtengenezaji anayekipa kipimo hicho anastahili kusikilizwa kwanza.

Jambo ambalo wanunuzi hulipuuza ni uwezo wa kupunguza. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi; kile unachokijua mchana kuwa kijani kibichi, kwenye darubini huwa cheupe. Nyasi ndefu zilizo mita 5 mbele ya mtutu zikipata mwale wote, kamera inaona weupe huo, inajifunga, na mnyama aliye mita 100 anazama gizani. Ukipunguza mwanga, au ukiinua taa juu ya nyasi, anajitokeza tena. Ukungu, vumbi na manyunyu hufanya vile vile: ni sawa na kuwasha taa kubwa za gari ndani ya ukungu, unaona ukuta. Katika hali hiyo taa hafifu yenye mwale mwembamba, iliyofungwa mbali kidogo na lenzi ya darubini, itakuonyesha zaidi kuliko taa kali.

Kwa hiyo dai kidhibiti cha mwanga. Kirungu kinachozunguka polepole kutoka chini hadi juu ni bora kuliko ngazi tatu za kubonyeza, na ngazi tatu ni bora kuliko moja. Ukiwa dukani, punguza mwanga hadi chini kabisa huku ukitazama kwa kamera yako. Ukiona mistari myeusi inayopanda au kushuka kwenye picha, taa hiyo inapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka, na kasi yake haipatani na kihisi chako. Itakusumbua kila usiku.

Hatua ya 7: Betri na mwili wa taa

Betri inayotumiwa zaidi ni ya lithiamu aina ya 18650: kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikiwa imejaa. Ujazo wa kweli mara nyingi huwa wa mAh (miliampea-saa) 2500 hadi 3500. Ukiona imeandikwa 9900, ni uongo, na betri inayodanganya kwa ujazo inaweza kudanganya pia kwa usalama. Betri ya mAh 3400 katika taa inayokula ampea 1 itadumu saa tatu na kitu. Katika nguvu ya chini itakesha nawe. Baridi kali hupunguza muda huo, kwa hiyo akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Baadhi ya taa hukubali pia betri mbili za CR123A zilizopangwa mfululizo, ambazo kwa pamoja huwa volti 6. Soma maelezo kwanza. Taa iliyotengenezwa kwa volti 4.2 tu itaungua. Usichanganye betri mpya na iliyotumika, na usiweke kwenye chaja betri ya aina isiyoweza kuchajiwa tena.

Mwili uwe wa alumini, maana LED ikipata joto hutoa mwanga kidogo zaidi na alumini hulichukua joto hilo. Kinga ya maji ya IPX7, yaani kuzama mita 1 kwa dakika 30, inatosha kwa mvua na umande. Kagua springi: taa ya bunduki inatakiwa iwe na springi pande zote mbili za betri, la sivyo teke la risasi litakata umeme kwa kufumba na kufumbua, na baadhi ya taa hurudi zikiwa zimezimwa au zimebadili ngazi. Swichi ya waya inayobandikwa pembeni mwa kitako huondoa ule mlio wa "tak" wa kitufe na hukuwezesha kuwasha bila kusogeza mkono.

Hatua ya 8: Mahali pa kuifunga

Taa inafungwa kwenye reli ya bunduki au kwenye mwili wa darubini kwa pete ya kipenyo chake. Pima kwanza kama ni milimita 25.4, 30 au 34, kwa sababu pete hazisamehe. Reli za Picatinny na Weaver zinafanana machoni lakini nafasi za mifereji yake hazilingani, na kishikizo cha Picatinny hakiingii kila mara kwenye Weaver.

Sehemu nzuri ni juu ya darubini au pembeni, mbele kiasi ambacho mwale hauugusi mtutu. Mwale ukiugonga mtutu au kifaa cha kupunguza sauti, utaona doa jeupe chini ya picha na kila kitu kingine kitafifia. Chagua kishikizo chenye skrubu za kusogeza mwale juu, chini, kushoto na kulia. Taa ya mwale wa digrii 3 isiyosogezwa ni bahati nasibu.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuwinda

Hakikisha kwanza inawaka: kamera ya mbele ya simu nyingi huiona taa ya 850, na ya 940 kwa uhafifu. Imulike ukutani, uutazame ukuta kwa simu, badala ya kuielekeza taa kwenye macho au kwenye kioo.

Kisha, mahali penye ruhusa na bunduki ikiwa haina risasi, simamisha makatoni ya kahawia yenye michoro au herufi kubwa kwenye umbali wa mita 50, 100, 150 na 200. Subiri giza kamili, usiku usio na mwezi ikiwezekana. Anza na katoni la mbali uliloliandika kwenye karatasi yako. Weka alama ya kulengea katikati yake, bana mwale, halafu zungusha skrubu za kishikizo hadi kitovu cha mwanga kiikalie alama. Kwa kuwa taa iko sentimita kadhaa juu au kando ya darubini, kwa karibu mwale utakuwa umehama kidogo. Fungua mwale uone kama mita 50 bado imefunikwa. Ikiwa hesabu yako ya hatua ya 4 ilikuwa sawa, itafunikwa.

Soma herufi. Umbali wa mwisho ambao unazisoma bila kubahatisha ndio umbali wako wa kutambua kwa taa hiyo, na ni namba ya kuheshimiwa kuliko ile ya boksi. Rudia siku yenye unyevu hewani uone inavyopungua. Baada ya kufyatua risasi kadhaa katika uwanja wa shabaha, rudi ukague kama kitovu hakikuhama, halafu tia alama ya rangi kwenye skrubu na kwenye reli ili ukiivua uirudishe pale pale.

Ukiwa porini

Usitumie darubini iliyo juu ya bunduki kutafuta wanyama, kwa sababu kila unapotazama unakuwa umeelekeza mtutu. Tafuta kwa kifaa cha mkononi, cha joto au chenye taa yake ndogo, na uinue bunduki ukishajua unachokiendea. Washa taa ikiwa katika mwale mpana na nguvu ya chini, mkute mnyama, kisha bana na uongeze taratibu.

Kumbuka pia kwamba mwanga usiouona wewe kwa macho, mwingine mwenye kifaa anauona wazi. Wanajeshi wa Marekani walitumia bunduki zenye taa za infraredi mwaka 1945 huko Okinawa, lakini popote adui alipokuwa na vifaa vya aina hiyo, taa za namna hiyo ziligeuka alama ya mahali askari alipo. Ndiyo sababu moja majeshi yalihamia darubini zisizohitaji taa. Kwako wewe jambo hilo lina faida: mwindaji mwingine mwenye darubini ataiona taa yako akiwa mbali sana, na wewe utaiona yake. Ukiona mwanga usio wako kwenye picha, elekeza mtutu chini, ondoa risasi chemba, na uwasiliane kwa tochi ya kawaida au redio kabla ya kuendelea. Mkiwa wengi, kubalianeni mapema nani yuko wapi na nani anawasha lini, maana taa mbili zinazokutana kwenye nyasi moja huharibu picha ya kila mmoja wenu.

Mkirudi, toa betri kwenye taa, futa lenzi kwa kitambaa laini, na kama betri itakaa wiki nyingi bila kazi, iweke ikiwa na nusu ya chaji mahali pasipo na joto.